Fika Kabla ya Mgeni Rasmi

Mwaliko ukikufikia, uliza kwanza: Busia ipi? Kuna Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, Malaba ya Kenya na Malaba ya Uganda, na wenyeji hutumia jina moja kwa pande zote mbili kwa sababu wao huvuka kwenda sokoni, kanisani na kwa wakwe bila kuona kwamba wameuacha mji. Kadi itakuambia tu Malaba, Jumamosi, saa nne asubuhi. Mgeni aliyetegemea ramani ya simu anaweza kujikuta mbele ya afisa wa uhamiaji ilhali kwaya inaimba nyuma yake. Mpigie simu aliyekualika, akutajie kanisa, shule au soko lililo karibu na uwanja, na akuambie ni upande gani. Mwongozo huu ni wa upande wa Kenya, ingawa huko mpakani upande wa pili haukosi kuingia katika kila jambo.

Uliza pia kinachoadhimishwa. Miji midogo ya kaunti ya Busia haina siku ya kuzaliwa inayojulikana na wote. Hakuna aliyesimama Adungosi au Funyula siku fulani akatangaza kwamba mji umeanza. Kilichoanza ni misheni, au shule, au soko chini ya mti, au kituo cha reli, au kinu cha kuchambua pamba kama kile cha Mulwanda huko Samia, au hospitali kama ya Alupe, iliyojulikana kwa kuwatunza wagonjwa wa ukoma. Maduka yakafuata, kisha ofisi ya chifu, kisha steji ya matatu. Ndiyo sababu mji hujisherehekea kupitia taasisi zake: jubilei ya parokia, miaka 50 ya shule ya msingi, miaka kadhaa ya chama cha akina mama. Ukialikwa kwenye jubilei ya shule, ujue umealikwa na mji mzima. Mwenye bucha amechangia nyama, vijana wa bodaboda wamepewa kazi ya kupokea wageni, na wauza mboga wa sokoni ndio watakaokuwa jikoni.

Nasisitiza hili kwa sababu wageni wengi kutoka mijini huja kama watazamaji. Hufika saa saba, huketi tentini, hula, hupiga picha na mheshimiwa, huondoka. Wameona sherehe, lakini mji hawajaukuta. Ukitaka kuukuta, kuna mambo ya kujua mapema.

Siku, mvua na njia

Sherehe nyingi hupangwa Desemba, Aprili au Agosti, shule zikiwa zimefungwa na watoto wa mji wakiwa wamerudi kutoka Nairobi, Mombasa, Nakuru na Kampala. Ya Aprili huangukia mvua ya masika, na tope la Busia halina huruma kwa viatu vya ngozi. Budalang'i na Port Victoria zina shida yao zaidi: mto Nzoia ukifurika, barabara na hata uwanja wenyewe unaweza kuwa majini. Kama sherehe iko upande huo, uliza hali ya mto wiki moja kabla na uulize tena siku ya kuondoka. Desemba ni kukavu zaidi, ila nauli hupanda na nafasi kwenye mabasi huwa adimu kuanzia katikati ya mwezi.

Ziko pia sikukuu za taifa. Tarehe 1 Juni, 20 Oktoba na 12 Desemba huadhimishwa hadi ngazi ya kaunti ndogo, na mji mdogo hutumia siku hizo kujikumbuka. Mwaka 2024 sherehe ya kitaifa ya Madaraka, ile ya 1 Juni, ilifanyika jirani kabisa, katika uwanja wa Masinde Muliro, Kanduyi, Bungoma. Huko mpakani ukoo mmoja huweza kuwa na sikukuu mbili za uhuru: waliobaki upande wa Uganda wanaikumbuka 9 Oktoba 1962, wa upande wa Kenya 12 Desemba 1963, na wote hualikana.

Mwaliko ukiwa wa wiki ya mwisho ya Mei, tafuta mahali pa kulala mapema sana. Ndiyo wiki ambayo mahujaji kutoka Kenya huvuka Busia na Malaba, wengi kwa miguu, wakielekea Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda ya 3 Juni. Nyumba za wageni hujaa, na parokia za mpakani huwa na shughuli ya kuwapokea na kuwalisha.

Njia kutoka Nairobi ni mbili. Ya Malaba hupitia Nakuru, Eldoret, Webuye na Bungoma. Ya Busia hupitia Nakuru, Kericho na Kisumu. Usikate tiketi kabla ya kujua mji wako uko karibu na njia ipi. Kocholya, Amagoro na Angurai zitakuita upande wa Malaba. Butula, Bumala, Nambale, Matayos, Funyula na Port Victoria zitakuita upande wa Busia, na mara nyingine ni afadhali kushuka kabla hujafika Busia mjini. Kwa mfano, Bumala ni njiapanda: barabara moja yaelekea Butula na Mumias, nyingine Budalang'i na Port Victoria. Busia na Malaba zenyewe zimeunganishwa na barabara ya lami inayopita Alupe na Adungosi, safari fupi kwa matatu.

Tahadhari moja ya upande wa Malaba ni malori. Mizigo mingi ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo hupita hapo, na kukiwa na mgomo wa madereva au mtambo wa forodha ukikwama, foleni huenda kilomita nyingi. Mwaka 2020, madereva walipolazimika kupimwa korona kabla ya kuvuka, foleni hiyo ilizungumzwa Afrika Mashariki nzima. Matatu yako ikikwama ndani yake, shuka uchukue bodaboda. Vijana wa hapo wanazijua njia za kando, na kazi ya boda yenyewe ilianzia mpakani hapa, kwa baiskeli za kuwavusha watu na mizigo yao. Patana bei kabla ya kupanda, na dai kofia ya chuma.

Vitambulisho na mfuko

Beba kitambulisho cha taifa hata kama huna nia ya kuvuka. Uwanja unaweza kuwa hatua chache tu kutoka mpakani, na baada ya chakula mwenyeji wako huenda akasema twende tumsalimie shangazi ng'ambo. Mkenya na Mganda huvuka kwa kitambulisho, wakapewa kibali cha muda. Tangu Februari 2018, kituo cha pamoja cha Busia kilipofunguliwa rasmi na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, msafiri husimama mara moja badala ya mbili: ukienda Uganda, maafisa wa nchi zote mbili wanakushughulikia ndani ya jengo la upande wa Uganda, ukirudi, upande wa Kenya. Malaba utaratibu ni huo huo, na vituo vyote viwili hufanya kazi usiku na mchana. Ukiwa na mtoto, chukua cheti chake cha kuzaliwa, na kama si wako, barua ya mzazi. Gari liache Kenya. Kulivusha kunahitaji karatasi za forodha na bima ya Kadi ya Manjano ya COMESA, na aliyekuja kwa sherehe hana haja ya mzigo huo.

Utaonyeshwa njia za panya. Mwenyeji anazipita kila siku akibeba ndizi, na kwake ni kichochoro tu. Wewe hujulikani, wala huna wa kukutetea ukikamatwa. Pita getini. Usipige picha za kituo cha mpaka wala za maafisa.

Shilingi za nchi zote mbili huzunguka pamoja mjini, na wabadilishaji fedha utawakuta kila kona karibu na geti. Hesabu noti zako mbele yao, taratibu, na uulize bei kwa watu wawili watatu kabla ya kutoa hela. Kwa M-Pesa hutapata shida, lakini beba noti ndogondogo, kwa sababu za mchango.

Mchango ni sehemu ya kuhudhuria. Kamati andalizi imekuwa ikikusanya kwa miezi: kadi za mchango zimezunguka Nairobi na Kampala, kila boma limepangiwa gunia la mahindi, kuku, kuni au kiasi fulani cha pesa. Toa chako mapema, kwa mweka hazina, upewe risiti. Aliyetoa mapema amesaidia kununua sukari na kukodi tenti. Anayesubiri kapu lipite amesaidia kujaza hotuba. Huenda pia kukawa na mnada, hasa sherehe ikiwa ya kanisa: jogoo, boga au mkungu wa ndizi hunadiwa, na bei hupanda mpaka jogoo mmoja anunuliwe mara tatu kwa sababu kila mnunuzi anamrudisha anadiwe tena. Ni jambo la furaha na linajenga madarasa ya kweli. Amua kiwango chako kabla hujaketi, ukitenge katika mfuko wake. Majina yatakaposomwa, mwombe mfawidhi asome jina la boma lililokualika. Heshima iwaendee waliokuleta.

Mavazi na salamu

Vaa kama unayekwenda harusini. Wazee wa kiume watakuja na koti, wengine kanzu na koti juu yake. Akina mama wengi, Wateso na Wasamia kwa Wakhayo, watavaa gomesi yenye mshipi kiunoni kama dada zao wa Uganda. Kitenge kinakubalika popote. Kamati ikiwa imechagua kitambaa cha sherehe, nunua, hata ukikishona kama kilemba tu. Jinzi na fulana ya mpira waachie vijana wa kuvuta kamba.

Kwa salamu, ujue uko kwa nani. Teso Kaskazini na Teso Kusini ni nyumbani kwa Wateso. Nambale na Matayos kwa Wakhayo. Butula kwa Wamarachi. Funyula kwa Wasamia. Budalang'i kwa Wanyala. Na Wajaluo wako kote. Kwa Wateso sema yoga, na ukitaka kushukuru, eyalama noi. Kwa Waluhya sema mulembe, na shukrani yake ni orio muno. Mama mzima wa Kiteso mwite toto, baba mwite papa. Bibi wa Kiluhya ni kukhu na babu ni kuka. Ukikosea matamshi watacheka na kukusahihisha, na mazungumzo yameshaanza. Kiswahili kitakutosha kwa mengine yote. Mpe mkono kila aliyeketi katika safu ya wazee, mmoja baada ya mwingine, bila kuruka mtu, aliyerukwa atakumbuka.

Saa tatu hadi saa sita

Hapa ndipo ningependa ukae nami kidogo, maana ndiyo sehemu ninayoiona kuwa na thamani kuliko nyingine zote.

Kadi imesema saa nne. Mgeni rasmi, awe gavana, mbunge au askofu, ana sherehe nyingine mbili njiani na huenda akafika saa saba. Wengi huchukulia hilo kama ruhusa ya kuchelewa. Wewe fika saa tatu. Wakati huo sufuria ziko motoni, vijana wanafunga tenti, kwaya inajaribu sauti nyuma ya darasa, na wazee wameshafika. Wazee hufika mapema daima. Wameketi chini ya mwembe wakingoja, hawana wa kuzungumza naye ila wao kwa wao. Chukua kiti, omba ruhusa, keti nao.

Uliza nani alitoa ardhi. Karibu kila shule, kanisa na soko la sehemu hizi limesimama juu ya shamba la mtu, na mtu huyo mara nyingi hakulipwa chochote. Kwenye jiwe la ufunguzi utasoma jina la waziri au mkuu wa wilaya aliyevuta pazia. Jina la aliyekata shamba lake halimo. Uliza alikuwa nani, alikuwa na wake na watoto wangapi, walikubaliana vipi, boma lake liko wapi leo. Uliza matofali yalichomwa wapi na nani aliteka maji ya kuyafinyanga. Jibu la pili karibu kila mara ni wanawake, na majina yao yanazidi kupotea. Uliza mwalimu wa kwanza alitoka wapi. Usishangae ukiambiwa ng'ambo.

Kwa maana mpaka huu ni mchanga kuliko koo zinazouzunguka. Mpaka mwaka 1902 sehemu hii yote, hadi Kisumu na mbele yake kuelekea Naivasha, ilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Waingereza ndio walioihamishia himaya jirani, iliyokuja kuwa Kenya. Mstari ukapita kwenye mito ya Sio na Malaba na katikati ya mashamba, na ndugu wakaamka wakiwa raia wa tawala mbili. Kabla ya hapo, barabara ya mikokoteni ya ng'ombe ya Mackinnon na Sclater, iliyoanza kujengwa 1890 kutoka pwani, ilikuwa imelenga Busia kama mwisho wake. Reli ilikuja kwa njia nyingine, kupitia Eldoret na Malaba hadi Tororo, ikafika Kampala 1931. Hizi ni tarehe za vitabuni. Zikumbuke ili uweze kumfuata mzee anaposema kwamba babu yake alizaliwa Uganda, akazeeka Kenya, na hakuhama boma.

Ukitaka mfano unaojulikana na wengi, tazama ukoo wa Awori wa Samia. Moody Awori alikuwa mbunge wa Funyula kwa muda mrefu na makamu wa rais wa Kenya tangu 2003 hadi mwanzo wa 2008. Ndugu yake Aggrey aliwania urais wa Uganda mwaka 2001, na baadaye akawa waziri huko. Koo zisizo na majina makubwa zimegawanyika vivyo hivyo, kwa maelfu, na siku ya maadhimisho ndiyo siku zinapoketi pamoja. Utawaona wageni wa ng'ambo wakifika na mwenyekiti wa LC, baraza lao la mtaa, wakipewa viti vya mbele. Wapishe.

Wazee wenye umri wa kutosha watakuambia ya miaka ya sabini na themanini. Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda, na watu wa hapa walisikia tangazo hilo wakiwa ndani ya ardhi yenyewe iliyokuwa ikidaiwa. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Bei ya kahawa ilipopanda duniani, magunia ya Uganda yalivuka usiku, biashara iliyoitwa magendo; Chepkube, upande wa Mlima Elgon, palitajirika kwa muda mfupi kwa kahawa hiyo. Desemba 1987 wanajeshi wa nchi hizi mbili walifyatuliana risasi Busia na mpaka ukafungwa. Muulize mama aliyekuwa akiuza nguo wakati huo alilala wapi, watoto walikuwa upande gani. Nimesikiliza hadithi kama hizo, na naamini hakuna hotuba ya alasiri inayozifikia.

Andika. Simu yako ina kinasa sauti. Omba ruhusa, weka simu mezani ionekane, mwache mzee atangulize jina lake na la baba yake. Akisema jina, muulize linavyoandikwa. Watu wawili wakipingana kuhusu mwaka, andika yote mawili na majina yao, usiamue wewe. Picha za zamani zikitolewa kwenye bahasha, zipige palepale kwenye mwanga wa jua, mbele na nyuma, kwa kuwa nyuma ndiko wengi walikoandika tarehe. Na ukikutana na mtu aliyekuwa katika darasa la kwanza la shule hiyo, mwombe awataje wenzake kwa safu walizokaa. Watu hukumbuka madawati vizuri kuliko miaka.

Tenti, chakula na mtungi

Programu ikianza, inakwenda kwa utaratibu unaoujua: sala, wimbo wa taifa, kwaya, mashairi ya wanafunzi, ripoti ya kamati, ukaguzi wa miradi, kupanda mti, hotuba. Hotuba hupanda ngazi kutoka mzee wa kijiji, ambaye Waluhya humwita liguru, hadi naibu chifu, chifu, mwakilishi wadi, mbunge na juu zaidi. Ukiombwa kusema neno, taja walioitangulia kamati, taja boma lililokualika, shukuru, keti. Dakika mbili zinatosha. Ukiweza kutumia mojawapo kumtaja kwa jina aliyetoa ardhi, kama umejifunza jina lake asubuhi, utaona uwanja mzima ukigeuka kumtazama mjukuu wake. Muulize kwanza mjukuu kama angependa, maana ziko familia ambazo bado zina kesi juu ya ardhi hiyo hiyo.

Sikiliza ngoma kwa makini. Kwa Wateso tafuta akogo, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, na adeudeu, kinubi chao. Kwa Waluhya zitatoka ngoma za isukuti. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na kumsikia kijana wa miaka kumi na minne akiipiga sawasawa ni habari njema. Ukivutwa kucheza, inuka. Kumtunza mchezaji kwa noti ni desturi. Mpe mkononi au weka kwenye kikapu chao.

Chakula kitaanza na wageni wa meza kuu, halafu wazee, halafu wengine. Wali na nyama ya ng'ombe vitakuwapo kama popote, lakini omba cha kwao. Kwa Wateso kuna atap, ugali wa wimbi na muhogo, mweusi na mzito, na mchuzi wa njugu karanga ndani yake nyama iliyokaushwa kwa moshi. Kwa Waluhya kuna kuku wa kienyeji na mrenda. Karibu na ziwa, Sio Port na Port Victoria, kuna ngege na omena. Ukiketi nyumbani kwa Mluhya ukawekewa firigisi ya kuku, umeheshimiwa sana, kwani ni ya mwenye boma. Ile kwa shukrani, au mrudishie mzee kwa mikono miwili akiwa mkubwa kwako. Usiseme umeshiba kabla hujaonja.

Jioni mtungi wa ajon utatolewa uani, pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu, watu wameuzunguka kwa duara. Kwa Waluhya kutakuwa na busaa. Hakuna anayelazimishwa, omba soda au chai, keti kwenye duara vilevile. Duara ndilo jambo. Ukinywa, kunywa kidogo na ngoja maji ya moto yaongezwe kwa zamu. Mrija uliopewa usiupitishe kwa mwingine bila kuuliza, na usiruke mrija wa mtu uliolala chini.

Mheshimiwa akishaondoka

Magari makubwa yakitoka, nusu ya uwanja huinuka. Vumbi likitulia, waliobaki huvuta viti karibu. Sasa ndipo waliosoma pamoja huanza kuulizana nani bado yu hai, mama mpishi huketi kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, na wale wa ng'ambo huanza kuhesabu nani anavuka na nani analala. Saidia kukunja viti. Mpelekee chakula aliyepika. Mara nyingi hajala. Mshukuru kwa jina.

Usipange kurudi Kisumu au Eldoret usiku huo. Barabara zina malori na pikipiki zisizo na taa, na bodaboda aliyesherehekea mchana kutwa si wa kukubeba saa nne usiku. Weka chumba Busia au Malaba mjini kabla ya kuja, au ukubali kulala kwa mwenyeji. Ukilala, asubuhi utapewa chai na viazi vitamu, na huenda ukapelekwa kuona kaburi la mwanzilishi, ambalo siku ya sherehe halikupata nafasi katika programu.

Ukifika nyumbani, kazi yako imebaki nusu. Picha ulizopiga za wazee zichapishe kwa karatasi, uandike majina na tarehe nyuma kwa kalamu, uzitume kwa basi kwa mwalimu mkuu au katibu wa parokia. Simu ya mzee huenda haifungui picha, na ya mjukuu itaibiwa au kuharibika. Ulichonasa kwa sauti kiandike, hata kurasa nne tu, nakala moja iende maktaba ya shule na nyingine kwa boma la msimulizi. Wafundishe wanafunzi wa darasa la juu kufanya hivyo kama una nafasi ya kurudi. Sherehe ijayo huenda ikawa baada ya miaka 10 au 25, na wengi wa uliowasikiliza hawatakuwapo.

Halafu mwulize mweka hazina siku ya kikao cha hesabu. Huitishwa wiki mbili tatu baadaye, uwanjani palepale au kwenye darasa, ili kusoma kilichoingia, kilichotumika na kilichobaki kwa mradi. Wageni karibu wote huwa wamesahau. Ukiweza, nenda, ukishindwa, omba nakala ya ripoti na utume ahadi uliyotoa mnadani kama hukuimaliza. Orodha ya waliotimiza ahadi husomwa kwenye kikao hicho, na ndiyo orodha ambayo kamati ijayo huanza nayo inapoandika mialiko.